Ajali haina kinga, lakini fidia isiwe hiari ya mwajiri

Mfanyakazi wa kiwanda jijini Dar es Salaam akikatwa vidole na mashine, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, na mwajiri wake analazimika kuuchangia. Fundi akianguka kutoka ghorofani Nairobi, Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri wake awe na bima, na Mahakama ya Juu ya Kenya iliithibitisha sheria hiyo mwaka 2019. Utekelezaji una kasoro zake huko nyumbani, na waajiri wanaokwepa wapo, lakini anayekwepa anajua kwamba anavunja sheria. Watu hawahawa wakihamia Dallas, Fort Worth au Houston, wakapata kazi ya ghalani, ya kutunza wazee, ya kuendesha lori au ya kiwanda cha nyama, wengi hudhani kwamba wamefika mahali ambapo jambo hili lilikwisha kumalizwa zamani. Sivyo. Texas, tofauti na karibu majimbo yote mengine ya Marekani, inamwachia mwajiri binafsi achague mwenyewe kuwa na bima ya fidia kwa wafanyakazi au kutokuwa nayo. Tafiti za Idara ya Bima ya jimbo hilo katika miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba takriban robo ya waajiri binafsi wamechagua kutokuwa nayo. Nadai hapa kwamba hiari hiyo ni kosa, na kwamba hadi itakapoondolewa, waajiri wenzetu wenye asili ya Afrika Mashariki wanapaswa kuingia katika bima hiyo bila kusubiri kulazimishwa.

Kwanza tuielewe bima yenyewe, kwa maana wengi huichanganya na bima ya afya. Bima ya fidia ni makubaliano ya pande mbili. Mfanyakazi anaacha haki ya kumshtaki mwajiri wake mahakamani kwa ajali ya kazini. Mwajiri naye anakubali kulipa kila jeraha la kazini bila kuuliza nani alikosea, isipokuwa katika mambo machache kama ulevi au kujiumiza kwa makusudi. Kabla ya makubaliano haya, mfanyakazi wa Marekani aliyeumia alilazimika kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea, na mwajiri alikuwa na ngao tatu: kwamba mfanyakazi naye alichangia uzembe, kwamba aliijua hatari akaikubali, au kwamba kosa lilikuwa la mfanyakazi mwenzake. Kwa ngao hizo tatu wajane wengi walitoka mahakamani mikono mitupu. Ujerumani ya Bismarck ilitunga sheria ya bima ya ajali za kazini mwaka 1884, na majimbo ya Marekani yakaanza kufuata kwa nguvu mwaka 1911. Texas ilipitisha sheria yake mwaka 1913.

Sasa tutazame inalipa nini. Chukua mfano wa mtunza wazee anayelipwa wastani wa dola 800 kwa wiki. Anamnyanyua mgonjwa kutoka kitandani kumweka kwenye kiti cha magurudumu, mgonjwa anaishiwa nguvu katikati, uzito wote unamwangukia, na mgongo wake unapata jeraha. Ikiwa mwajiri wake ana bima, matibabu yote ya jeraha hilo yanalipwa, na haki hiyo ya matibabu haina kikomo cha miaka. Kuanzia siku ya 8 ya kushindwa kufanya kazi anaanza kupata asilimia 70 ya mshahara alioupoteza, yaani dola 560 kwa wiki zisizokatwa kodi ya mapato, kwa muda unaoweza kufikia wiki 104. Kutokuwepo kwake kazini kukifika wiki mbili, ile wiki ya kwanza nayo inalipwa. Daktari akiamua kwamba amebaki na ulemavu wa kudumu wa asilimia 10, analipwa wiki 30 nyingine, kwa kuwa kila asilimia moja ya ulemavu ni wiki tatu. Akifa kazini, mume wake na watoto wake wanapata asilimia 75 ya wastani wa mshahara wake, na gharama za mazishi hadi dola 10,000. Hii si fedha ya kumtajirisha mtu. Ni kodi ya nyumba, chakula cha watoto, na muda wa kupona.

Mama huyohuyo akiwa na mwajiri aliye nje ya bima, hesabu hubadilika yote. Sheria ya Texas inasema kwamba mwajiri aliyejitoa anapoteza zile ngao tatu za zamani, na kwamba mfanyakazi anaweza kumshtaki na kudai fidia isiyo na kikomo. Kwenye karatasi hilo linaonekana kama adhabu kali kwa mwajiri. Lakini bado mlalamikaji anabeba mzigo wa kuthibitisha uzembe, na kazi nyingi zinazoumiza watu wetu hazina uzembe unaoonekana. Nani alizembea mgonjwa alipoishiwa nguvu? Mahakama za Texas zimeamua zaidi ya mara moja kwamba mfanyakazi aliyeumia akifanya kazi ya kawaida ya kunyanyua, ile ambayo wenzake wote huifanya, hana madai ya uzembe. Juu ya hilo, waajiri wengi waliojitoa huwapa wafanyakazi, siku ya kwanza ya kazi, karatasi ya kukubali kwamba mgogoro wowote utaamuliwa na msuluhishi wa kulipwa badala ya baraza la wazee wa mahakama. Sheria inakataza mfanyakazi kusaini mapema kuacha haki yake ya kudai, lakini mahakama zimekubali kwamba kubadilisha mahali pa kudaia si kuacha haki. Mtu aliyefika nchini miezi mitatu iliyopita, akiwa na kalamu mkononi na rundo la karatasi za kuajiriwa mbele yake, hawezi kuijua tofauti hiyo.

Kesi moja kutoka Mesquite, mji ulio mashariki mwa Dallas, inaonyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote. Mwaka 2009, mfanyakazi wa duka la Kroger, kampuni iliyokuwa nje ya bima ya fidia, aliagizwa asafishe vyoo baada ya majimaji yenye mafuta kuvuja kutoka kwenye matundu ya hewa. Dawa maalumu ya unga ya kukausha sakafu, ambayo utaratibu wa duka ulitaka iwepo, haikuwepo siku hiyo, akatumia dekio. Alimaliza choo cha wanawake, akaingia cha wanaume, akawa anapiga hatua fupifupi kwa tahadhari. Aliteleza akavunjika mfupa wa paja na nyonga ikateguka. Alifanyiwa upasuaji mara 6, na mguu wake wa kushoto ukabaki mfupi kuliko wa kulia. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Texas iliamua kwamba, kwa kawaida, mwenye jengo hana wajibu wa kumkinga mfanyakazi dhidi ya hatari ambayo mfanyakazi mwenyewe anaijua. Tazama kilichotokea hapo. Sheria ilimnyang'anya mwajiri ngao ya kusema “aliijua hatari akaikubali”, na maneno yaleyale yakarudi kupitia mlango mwingine. Mwaka 2017, miaka 8 baada ya kuanguka, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikuwa bado inarudisha sehemu ya kesi hiyo ikasikilizwe upya. Chini ya bima ya fidia, maswali ya nani alijua nini na dawa ya unga ilikuwa wapi yasingeulizwa kabisa. Swali lingekuwa moja: je, aliumia akiwa kazini?

Watetezi wa mfumo wa Texas husema kwamba hii ni falsafa ya jimbo, uhuru wa mfanyabiashara kuamua mambo yake. Historia haikubaliani nao. Mwaka 1911 mahakama ya New York ilibatilisha sheria ya lazima ya jimbo hilo kwa hoja kwamba inakiuka katiba, na majimbo mengi yaliyotunga sheria baada ya hapo yakaifanya bima kuwa ya hiari ili kukwepa pingamizi kama hilo. Mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaondoa hofu hiyo ilipoamua kwamba kuwalazimisha waajiri ni halali. Tangu hapo majimbo mengine yakageuka moja baada ya jingine. Texas ikabaki na kiraka kilichoshonwa kwa ajili ya tatizo lililokwisha zaidi ya miaka 100 iliyopita. Isitoshe, serikali ya Texas yenyewe haiamini hiari hiyo inapohusu mambo yake. Mkandarasi akitaka kujenga shule ya umma, barabara au jengo la serikali, sheria inamtaka awe na bima ya fidia kwa kila mfanyakazi atakayekuwa kwenye mradi huo. Mpaka rangi wa shule ya umma ya Houston analindwa kwa lazima, na mpaka rangi wa jengo la ofisi lililo ng'ambo ya barabara anategemea moyo wa tajiri yake. Nani atueleze tofauti ya mifupa yao?

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni kwamba kampuni kubwa zilizojitoa hazijawatupa wafanyakazi wao, kwa kuwa zimeunda mipango yao wenyewe ya kulipa majeruhi. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Profesa Alison Morantz alipochunguza kampuni kubwa 15 zilizojitoa, aligundua kwamba gharama zao za majeraha zilishuka sana, na mipango mingi ya aina hiyo hulipa mshahara tangu siku ya kwanza, wakati bima ya jimbo husubiri siku ya 8. Lakini gharama iliyoshuka imetoka mfukoni mwa nani? Waandishi wa ProPublica na redio ya NPR walipoisoma mwaka 2015 mipango ya kampuni zinazokaribia 120 za Texas na Oklahoma, walikuta mingi ikikata matibabu baada ya muda maalumu, mingine ikimnyima malipo mfanyakazi ambaye hakuripoti jeraha kabla zamu haijaisha au ndani ya saa 24, na rufaa zikiamuliwa na watu waliochaguliwa na kampuni yenyewe. Sheria ya jimbo inampa mfanyakazi siku 30 za kuripoti. Mtu aliyeteguka mgongo saa nne usiku, akameza dawa ya maumivu akitumaini asubuhi atakuwa salama, hastahili kupoteza kila kitu kwa sababu alivumilia siku mbili. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Oklahoma iliibatilisha sheria ya jimbo lake iliyoruhusu kampuni kujitoa kwa njia hiyo. Mpango wa kampuni hata ukiwa mzuri leo, aliyeuandika anaweza kuufuta kesho.

Wengine wanasema kwamba kuilazimisha bima kutamnyima mfanyakazi haki ya kushtaki, na kesi moja ikishinda huleta fedha nyingi kuliko bima. Kweli, bima hailipi uchungu wa moyo wala mateso ya mwili, na mshahara hairudishi wote. Lakini haki ya kushtaki haifi yote. Tarehe 23 Machi 2005 kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City, kusini mwa Houston, kililipuka na kuua watu 15 na kujeruhi zaidi ya 170. Wote 15 waliokufa walikuwa wafanyakazi wa makandarasi, si wa BP, na kwa hiyo familia zao hazikuzuiwa kudai kwa mwenye kiwanda, kwa kuwa kinga ya bima humlinda mwajiri na haimlindi kila mtu mwenye hatia. Hata dhidi ya mwajiri mwenyewe, Texas inaruhusu familia ya aliyekufa kudai fidia ya adhabu ikithibitika kwamba uzembe ulikuwa wa kupindukia. Sheria isipimwe kwa yule mmoja aliyeshinda kesi kubwa. Ipimwe kwa wale kumi ambao hakuna wakili aliyekubali kuzichukua kesi zao kwa sababu uzembe haukuthibitika.

Kuhusu gharama, tuseme wazi namna ada inavyopatikana. Hukokotolewa kwa kila dola 100 za mishahara kulingana na aina ya kazi, kwa hiyo karani wa ofisini hulipiwa kidogo na mwezekaji paa hulipiwa nyingi, kisha kampuni hupunguziwa au kuongezewa kulingana na historia yake ya ajali. Tuseme, kwa mfano tu, kiwango ni dola 2 na wakala wa kutunza wazee analipa mishahara ya dola 200,000 kwa mwaka: ada yake ni dola 4,000. Si fedha ndogo kwa mama aliyeanzisha biashara juzi akiwa na wafanyakazi sita. Lakini ailinganishe na upande wa pili wa hesabu yake. Akiwa nje ya bima, kesi moja tu aliyoshindwa, bila zile ngao tatu na bila kikomo cha fidia, inaweza kufagia biashara, akiba na jina lake. Kampuni kubwa yenye maduka mia inaweza kubeba hatari hiyo. Wakala mdogo wa Arlington au wa kusini magharibi mwa Houston hawezi. Kwa hiyo hiari ambayo husifiwa kama msaada kwa wafanyabiashara wadogo ndiyo inayowaacha wao bila kinga kuliko wote. Tena asifikirie kuikata ada hiyo kwenye mishahara ya watu wake, maana sheria inakataza, wala kuwaita wakandarasi na kuwalipa kwa fomu ya 1099, ile ya kodi ya watu wasio waajiriwa, ilhali yeye ndiye anayewapangia zamu, saa na namna ya kufanya kazi. Jina la fomu haliondoi ukweli wa ajira.

Sitadai kwamba mfumo wa bima hauna maumivu yake. Kampuni za bima hukataa madai, madaktari hutofautiana juu ya asilimia ya ulemavu, na mfanyakazi asiyejua Kiingereza vizuri huchoka njiani. Ila ndani ya mfumo huo kuna mahali pa kulalamikia. Tangu mageuzi ya mwaka 2005 kuna Ofisi ya Mtetezi wa Wafanyakazi Waliojeruhiwa, ambayo hutoa watu wa kumsaidia majeruhi bila malipo katika mgogoro na kampuni ya bima, na kuna kitengo cha serikali cha kusikiliza rufaa. Aliye nje ya bima hana mlango huo wa kugonga. Mfumo wenye kasoro hurekebishwa, na hauwezi kurekebishwa kwa ajili ya mtu ambaye hayumo.

Na ajali isiyolipwa na mwajiri hulipwa na mtu mwingine. Inalipwa na hospitali za umma, Parkland ya Dallas, JPS ya Fort Worth na Ben Taub ya Houston, ambazo huendeshwa kwa sehemu kwa kodi za wenye nyumba wa kaunti hizo, wakiwemo waajiri waliolipa bima zao kwa uaminifu. Na katika jamii yetu inalipwa na michango. Kila anayeishi huko anaujua ule ujumbe wa WhatsApp unaoingia usiku: mwenzetu amepata ajali kazini, tunaomba kila mmoja achangie chochote alicho nacho. Harambee ni utu wetu na sina neno baya juu yake. Lakini mchango unaotolewa na wafagizi na madereva ili kuziba pengo lililoachwa na mwajiri ni sadaka ya maskini kwa tajiri, na tusikubali uwe ndio utaratibu.

Kwa hiyo, ndugu mfanyakazi, kabla ya zamu ya kwanza uliza swali moja: je, kampuni hii ina bima ya fidia kwa wafanyakazi ya Texas? Mwajiri analazimika kukujulisha kwa maandishi na kubandika tangazo mahali pa kazi, kwa Kiingereza, kwa Kihispania na kwa lugha nyingine yoyote inayotumiwa na wafanyakazi wengi wa hapo. Penye Waswahili wengi, maana yake ni Kiswahili, na mna haki ya kukidai. Ukiumia, mwarifu mwajiri ndani ya siku 30, na upeleke madai yako kwa jimbo ndani ya mwaka mmoja. Usinyamaze kwa hofu ya karatasi za uhamiaji, maana sheria ya Texas inatamka wazi kwamba mgeni anayeishi nchini na asiyeishi nchini, pamoja na warithi wao, wana haki ya fidia. Mjane aliyeko Goma au Eldoret yumo ndani ya maneno hayo. Nawe, ndugu mwajiri uliyefungua wakala, mgahawa au kampuni ya malori, ulitoka katika nchi ambayo sheria ilikutaka uwalinde watu wako. Usiiache desturi hiyo uwanja wa ndege. Nunua bima, bandika tangazo ukutani, na uwaambie watu wako kwa Kiswahili kwamba wamelindwa.